Ukoo wa Lami: Rasimu ya Uainishaji kwa Wanaotaka Iwe ya Kijani

Wataalamu wa mimea walituwahi. Jina Lamiaceae walishalitwaa kwa ajili ya ukoo wa mrehani, mnanaa na kivumbasi, vitu vinavyonukia, na sisi tunaoshughulika na kile cheusi kinachofuka moshi barabarani tumebaki bila jina la Kilatini. Tumeamua kuendelea hivyo hivyo. Barabara zetu zimekwisha kufanyiwa upembuzi yakinifu, usanifu wa kina na mapitio ya usanifu wa kina. Kilichokosekana ni uainishaji, yaani kujua nani ni nani katika ukoo huu kabla ya kumpa yeyote cheti cha kuwa rafiki wa mazingira, cheti ambacho siku hizi kinatolewa kwa wepesi wa kutia shaka.

Tuanze na anatomia. Kiumbe anayeitwa lami mtaani ana sehemu mbili. Takriban asilimia 95 ya uzito wake ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe. Asilimia 5 hivi ndiyo bitumeni, gundi nyeusi inayobaki mtamboni baada ya mafuta ghafi kutolewa petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kwetu gundi hiyo huja kwa meli. Mtambo wa Changamwe, Mombasa, uliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 7 na tabaka la unene wa sentimita 5 hula kama tani 840 za mchanganyiko, na ndani yake tani 42 za bitumeni. Msomaji azishike namba hizi mbili, 840 na 42. Zitamsaidia kumtambua mwongo tutakapomfikia.

Wahandisi huuainisha ukoo huu kwa joto, na kwa heshima ya vyeti vyao tutaanza nao.

Lami ya Moto ndiye mkubwa wa familia. Hupikwa kati ya nyuzijoto 150 na 180, husafirishwa ikiwa imefunikwa turubai, na hutandazwa kabla haijapoa. Watu wengi hudhani moto wote ule ni wa kuyeyushia bitumeni. Sivyo. Sehemu kubwa ya moto hukausha mawe, kwa sababu gundi haishiki kokoto iliyolowa. Mtambo wa kawaida hutumia kama lita 6 hadi 8 za mafuta kwa kila tani ya lami, maana yake kilomita yetu moja imeshakunywa zaidi ya lita 5,000 kabla lori la kwanza halijatoka getini. Na katika rundo la mchanga lililoachwa nje kipindi chote cha masika, kila asilimia 1 ya unyevu inayoongezeka hupandisha mahitaji ya nishati ya kukaushia kwa takriban asilimia 10.

Kwa hiyo teknolojia ya kwanza ya kijani katika rasimu hii ni paa la mabati juu ya rundo la mchanga, na sakafu yenye mwinamo ili maji yachuruzike. Teknolojia hii haina hakimiliki wala kifupi cha herufi tatu. Haiwezi kuzinduliwa kwa kukata utepe bila mgeni rasmi kujiuliza kimoyomoyo ameitwa kufanya nini. Ndiyo sababu, tunadhani, mitambo mingi haina.

Lami ya Vuguvugu ni mdogo wake. Kwa kutia povu la maji, nta au dawa maalumu, bitumeni hulegea mapema na mchanganyiko hupikwa kwa nyuzijoto 20 hadi 40 chini ya kawaida. Mafuta yanaokolewa, na anayefaidika kwanza ni fundi aliyeshika reki nyuma ya mashine ya kutandazia, ambaye kwa miaka yote amekuwa akivuta kifuani ule moshi wa buluu bila kuulizwa maoni yake kuhusu mabadiliko ya tabianchi.

Lami ya Baridi haipikwi kabisa. Bitumeni husagwa kuwa vitone vidogo ndani ya maji yenye dawa mfano wa sabuni, nayo hukubali kukaa humo kwa muda ikiwa na rangi ya kahawia. Ikishamwagwa barabarani maji huaga, na rangi hugeuka nyeusi. Hiyo ndiyo emalshani. Kwa barabara za mitaa zenye magari machache inatosha, na kwa kuwa haihitaji mtambo mkubwa, vikundi vya vijana wenye toroli na koleo wanaweza kuitandaza.

Emalshani ana ndugu wa kambo anayestahili kuchunguzwa kwa darubini. Kabla ya lami kuwekwa, tabaka la msingi hupuliziwa bitumeni nyepesi ili izame kwenye vinyweleo vya udongo. Kwa miaka mingi wepesi huo umepatikana kwa kuizimua bitumeni kwa mafuta ya taa. Jina lake kwenye nyaraka za zabuni ni MC-30, na mafuta ya taa ndani yake yanaweza kukaribia nusu ya ujazo. Baada ya kupuliziwa, barabara hufungwa siku kadhaa ili ikauke. Tulipofuatilia neno “ikauke” kwa umakini wa kitaaluma tuligundua kwamba maana yake ni mafuta ya taa kupaa angani. Yale ambayo mama wa pembezoni hununua kwa kibaba ili watoto wasome usiku, mkandarasi huyanunua kwa bauza na kuyapandisha mawinguni, na mshauri elekezi husaini kwamba kazi imefanyika kwa ubora. Emalshani hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na kinachopaa ni maji. Kubadili aya moja katika kabrasha la zabuni kungeokoa zaidi ya makongamano mawili.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha jambo lililowakera wengi: lami huendelea kutoa hewa chafu hata baada ya kutandazwa, na hutoa zaidi inapopigwa na jua. Ilipopashwa kutoka nyuzijoto 40 hadi 60, utoaji uliongezeka maradufu. Wao walikuwa wakiiwazia Kalifonia. Dodoma saa nane mchana haikuhitaji maabara.

Sasa tuingie katika uainishaji wa pili, unaopendwa na magazeti: kumpanga kiumbe kwa chakula anachokula.

Lami Mla-Plastiki ana historia ya heshima. Profesa Rajagopalan Vasudevan wa chuo cha uhandisi cha Thiagarajar, Madurai, India, aligundua kwamba plastiki laini iliyokatwakatwa hunata juu ya kokoto ya moto na kuivika koti, na kokoto hiyo baadaye hushika bitumeni vizuri zaidi. Mwaka 2018 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri, na alistahili. Matatizo yalianza hadithi ilipovuka bahari. Turudi kwenye namba zetu. Plastiki huchukua nafasi ya asilimia 8 hadi 10 ya bitumeni. Bitumeni ni tani 42. Kilomita yetu basi ina tani 4 hivi za plastiki ndani ya tani 840, chini kidogo ya nusu ya asilimia moja. Kiumbe ambaye zaidi ya asilimia 99 ya mwili wake si plastiki anaitwa “barabara ya plastiki”. Kwa mantiki hiyo chai ni kinywaji cha tangawizi.

Tani 4 si haba, ni mifuko mingi. Lakini Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo rasmi malighafi hatuna. Isiyo rasmi ipo kwenye mitaro, nasi tutaikuta huko. Lipo pia swali la wapi koti hilo la plastiki linaishia matairi yakilisugua miaka kumi mfululizo, na jibu linaonekana kuelekea ziwani.

Lami Mla-Matairi alizaliwa Phoenix, Arizona, katika miaka ya 1960, pale mhandisi Charles McDonald alipochanganya unga wa matairi makuukuu na bitumeni ya moto akapata gundi inayonyumbulika na isiyopasuka upesi. Kitaalamu ni kiumbe bora kuliko mla-plastiki. Kwetu anakabiliwa na ushindani wa chakula: tairi lililokwisha lina wateja wake tayari, kuanzia mshona katambuga hadi mkata mipira ya kufungia mizigo, na hao hawasubiri ruzuku.

Uholanzi kuna anayelishwa lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti, badala ya sehemu ya bitumeni. Tunamtakia afya njema.

Lami Iliyofufuka inahitaji aya zake. Huyu anakula ndugu zake. Barabara kuukuu hukwanguliwa, vipande vyake husagwa, na hurudishwa kwenye mchanganyiko mpya. Nchini Marekani lami mpya kwa wastani ina zaidi ya asilimia 20 ya lami ya zamani, na hakuna gazeti linaloshangaa, kwa kuwa jambo lenyewe halina picha nzuri. Kokoto haizeeki. Jiwe la Lugoba lililochimbwa, likapondwa na kubebwa kwa lori zaidi ya kilomita 100 hadi Dar es Salaam lingali jiwe baada ya miaka ishirini. Inayozeeka ni bitumeni, ambayo hewa na jua huikausha hadi ikawa ngumu na yenye kuvunjika, na hata hiyo inaweza kurudishiwa ujana kwa mafuta laini. Miongoni mwa yaliyojaribiwa maabara katika nchi kadhaa ni mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Jiji lenye vibanda vya chipsi kila kona halipaswi kukosa dawa hiyo, ingawa mwenye kibanda atatuuliza, kwa haki kabisa, nani kasema mafuta yake yamekwisha kutumika.

Njia ya juu zaidi ya ufufuo haihitaji hata lori la kokoto. Mwaka 1956 Profesa Ladis Csanyi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa alipuliza mvuke ndani ya bitumeni ya moto ikafura povu, na povu hilo likaweza kuchanganyika na udongo na mawe yaliyo baridi. Baadaye maji baridi yalichukua nafasi ya mvuke. Siku hizi mashine moja inaweza kutembea juu ya barabara iliyochoka, ikaisaga, ikaitia povu na saruji kidogo na kuiacha nyuma yake ikisubiri kushindiliwa. Yanayoifuata ni bauza la bitumeni na bauza la maji. Hakuna mlima unaochimbwa upya.

Na kwetu kinachokwanguliwa huenda wapi? Uchunguzi wa macho unaonyesha kwamba huenda kujaza mlango wa gereji, uwanja wa maegesho na njia ya kuingilia kwa mtu anayefahamiana na dereva wa tipa. Kifusi hicho kina asilimia 5 ya bidhaa iliyonunuliwa kwa dola, nacho kinagawiwa kwa soda. Hatulaumu. Gereji ile haina matope tena.

Uainishaji wa tatu ulipaswa kuhusu Lami ya Ziara, ile inayoota ghafla wiki moja kabla ya kiongozi kupita, unene wake ukikaribia ule wa rangi ya kucha. Imeondolewa kwa sababu vielelezo havikudumu hadi tukavipima.

Hapa ndipo tunapoachana na wahandisi wa joto na waandishi wa plastiki. Kigezo cha kweli cha ukijani wa lami ni umri wake siku ya kufa. Barabara iliyosanifiwa kuishi miaka 20 ikifa ikiwa na miaka 5, kilomita yetu itataka tani 840 mara nne badala ya mara moja, na lita zake 5,000 mara nne, na meli yake ya bitumeni mara nne. Hakuna uvuguvugu wala tani 4 za plastiki zinazoweza kufidia misiba mitatu ya ziada. Kwa hiyo mtaalamu wa mazingira anayetaka kusaidia aanze na vyeti vya kifo.

Chanzo cha kwanza ni maji. Lami iliyo na ufa mdogo hupitisha maji hadi msingi, tairi linapopita juu huyasukuma kwa nguvu ya pampu, na maji hayo huibandua gundi kwenye kokoto kipande kwa kipande hadi siku shimo linapofunguka, na wananchi wakasema limetokea usiku. Halikutokea usiku. Lilianza siku mtaro ulipoziba. Mtaro, kwa maoni yetu, ndicho kiungo muhimu zaidi cha lami ingawa hauna lami ndani yake. Una chupa, maganda ya mahindi, mchanga wa jirani anayejenga, na ile mifuko ambayo kisheria haipo. Kuna hoja ya kisayansi ya kuitoa plastiki mtaroni bila kuipika wala kuitia kwenye mchanganyiko wowote, kisha kutangaza kwamba barabara imeboreshwa kwa plastiki. Ingekuwa kweli kwa mara ya kwanza.

Chanzo cha pili ni ekseli. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa, Illinois, askari wa jeshi la Marekani walipewa kazi ya kuendesha malori kwa zamu, mchana na usiku, kwenye njia za mzunguko zisizokwenda popote, mpaka ekseli zaidi ya milioni moja zikawa zimepita na barabara zikafa mbele ya mashahidi. Kutoka kwenye subira ile ilipatikana kanuni ya kipeo cha nne: madhara ya ekseli hupanda takriban kwa uzito uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 12 mahali pa tani 10 haizidishi madhara kwa moja ya tano kama mwenye mzigo anavyojitetea, bali inayafanya mara mbili. Kwa kanuni hiyo hiyo ekseli ya nusu tani, ya gari dogo, ina hatia ndogo kuliko ekseli halali ya lori, ya tani 10, kwa mara 160,000. Bajaji hahusiki kabisa, japo ndiye anayelaumiwa kwa kila kitu kingine.

Ndiyo maana mizani ya Vigwaza na ya Mariakani ni taasisi za mazingira, hata kama hazijapandwa mti mmoja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na kila shilingi anayopewa mtu ili asisome namba vizuri ina uzito wake wa hewa ukaa. Pale Kitonga, ambapo malori hupanda kwa mwendo wa mtu aliyebeba ndoo, mzigo hukaa juu ya lami ya moto kwa muda mrefu, na lami iliyotengenezwa bila kuufikiria mlima huo hubonyea ikawa na mifereji miwili ambayo dereva anaweza kuifuata bila usukani.

Chanzo cha tatu ni jembe: lami mpya kukatwa mwezi wa pili na mamlaka fulani inayopitisha bomba lake, ambalo michoro yake ilikuwa kabatini tangu kabla barabara haijaanza. Mwisho wa uchambuzi wa jembe.

Msomaji makini atauliza kama si bora basi kubaki na vumbi. Tumelipima swali hilo. Barabara ya changarawe hupoteza ngozi yake kila mwaka kwa upepo, mvua na matairi, na kila baada ya miaka michache huchimbwa moramu nyingine mahali fulani, ikaacha shimo linalogeuka bwawa la mbu. Vumbi nalo lina mapafu linakoingia. Kati ya vumbi na tani 840 kuna njia zenye unyenyekevu. Lami nyepesi hupuliziwa gundi na kumwagiwa kokoto, ikatumia sehemu ndogo ya bitumeni ya lami nzito. Wanorwe, waliokuwa na barabara nyingi za vijijini, walibuni miaka ya 1960 katika bonde la Otta namna ya kutumia changarawe ya kawaida ya mahali juu ya bitumeni laini, bila kokoto teule ya kutoka mbali. Botswana iliipokea na kuiandikia mwongozo. Mwanza, yenye mawe kuliko ilivyoomba, imetandaza mawe yenyewe kwenye vilima. Hizi hazipendwi kwenye mikutano ya hadhara, kwa kuwa mwananchi ameahidiwa “kiwango cha lami” na anataka nyeusi.

Viraka havikuwamo katika mpango wetu wa awali, ila vilijilazimisha kwa wingi wao. Kiraka cha Mraba ndicho halali: shimo hukatwa kingo wima hadi kwenye lami nzima, husafishwa, hupakwa gundi, hujazwa na kushindiliwa. Huishi miaka. Kiraka cha Mmwago humwagwa kutoka kwenye tipa linalotembea, kikapigwa mgongo wa koleo mara tatu na kuachiwa magari yamalize kazi. Huishi hadi mvua ijayo, na msimu unaofuata hurithiwa na Kiraka cha Vijana, cha udongo na matofali yaliyovunjika, ambacho huhudumiwa na kamba iliyovutwa kukata barabara na mkono ulionyooshwa kwenye dirisha la dereva. Julai 2024 Kenya ilipandisha tozo ya matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita ya mafuta. Yule kijana mwenye kamba hutoza kidogo zaidi ya hapo, lakini angalau shimo unaliona linazibwa.

Kimebaki kielelezo kimoja kinachotishia rasimu nzima. Tuta. Kwa kigezo chetu wenyewe cha umri, tuta la barabarani ndiyo lami ya kijani kuliko zote nchini. Barabara hufa mara mbili au tatu na tuta likabaki. Ukilikagua unaona sababu: ni nene kuliko barabara iliyolibeba, na maji hayatuami juu yake. Tulikaribia kulipa cheti. Kisha tukatazama miguuni pake, ambako maji yote liliyoyakataa yamekusanyika na malori yaliyolivuka yanatua kwa kishindo, na tukakuta mashimo mawili makubwa, moja kila upande. Tukasikiliza pia basi likifunga breki, likivuka, na kuvuta gia moja baada ya nyingine huku likifuka moshi, ili kurudisha mwendo liliokuwa nao mita 50 nyuma. Linaishi miaka ishirini kwa kuua majirani. Tumelihamishia kwenye kundi la vimelea, kwa muda, hadi apatikane mwanafunzi wa uzamili aliye tayari kukaa hapo na saa na daftari, upande ambao upepo hautoki.